Taa ya zambarau imemnyima mwotesha miche jicho

Mlioingia katika chumba cha miche cha kikundi cha vijana hapa Kaliua mliona kazi nzuri. Mboji imechekechwa, trei za matundu 200 zimepangwa sawasawa juu ya meza ya mita moja kwa nusu mita, feni ndogo inapuliza bila kuchosha shina, na swichi ya saa inawasha saa kumi na moja alfajiri na kuzima saa tatu usiku bila mtu kugusa kitu. Kikundi kile cha vijana kinastahili pongezi, na ninaitoa hapa kwa moyo mmoja. Kilichoharibu kazi ni taa.

Waliponunua ile taa ya zambarau walifanya kosa, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu nasikia wana fedha ya meza ya pili na wanataka kununua mbili zaidi za namna ile ile.

Boksi limeandikwa wati 1000. Nilikuja na kipima umeme changu cha kuchomeka ukutani, nikaunganisha taa, tukasoma pamoja: wati 110. Vijana walidhani kifaa changu kibovu. Kilikuwa kizima. Watengenezaji wa taa za aina hii huchukua idadi ya vidoti vya LED vilivyomo ndani, wanazidisha kwa wati ambazo kila kidoti kingeweza kubeba kikisukumwa hadi mwisho, halafu jumla hiyo ndiyo wanayoichapa juu ya boksi. Hakuna anayevisukuma hivyo, maana vingeungua. Wasomaji wangu wa zamani wanajua nimekwisha kulalamikia jambo hili kwenye taa za sola za kufunga nje ya nyumba, zile zinazoandikwa wati 300 na paneli yake ina upana wa kitabu. Nitaendelea kulalamika. Mtu anayeuza taa kwa wati za kubuni anachukua hela ya mkulima kwa namba isiyokuwepo.

Lakini wati ni nusu ya habari. Hata zingekuwa za kweli zingekwambia umeme unaoingia tu. Jani linakula fotoni, yaani chembe za mwanga, zinazotoka, zile zilizo kati ya nanomita 400 na 700, na miche ya nyanya au kabichi inataka kama maikromoli 150 hadi 200 kwa mita ya mraba kila sekunde, kwa saa 16, ili isirefuke ikawa kama nyuzi. Boksi lile halikusema lolote kuhusu fotoni. Taa isiyotaja fotoni wala lumeni mimi huirudisha rafuni.

Sasa rangi. Muuzaji aliwaambia vijana kwamba mmea hutumia nyekundu na bluu peke yake, na kijani ni hasara. Hoja hiyo ina asili yake. Ukisaga jani, ukatoa klorofili na kuipima ndani ya chupa, utaona inanyonya bluu na nyekundu kwa nguvu na kuiacha kijani ipite. Ila jani zima si chupa. Lina tabaka nyingi, mwanga unagonga huku na huku ndani yake, na sehemu kubwa ya ile kijani nayo inanyonywa. K. J. McCree wa Texas aliyapima majani mazima ya aina 22 za mimea, akachapisha matokeo mwaka 1972: nyekundu iliongoza, na kijani haikuachwa nyuma na bluu. Sayansi hiyo ina zaidi ya miaka 50, na bado taa za zambarau zinauzwa kwa hadithi ya ile chupa.

Zilianza kwa sababu ya kweli. LED za mwanzo zenye nguvu zilikuwa za rangi moja moja, na ukiziweka nyekundu na bluu pamoja unapata zambarau. Baadaye ile LED ya bluu iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura tuzo ya Nobel mwaka 2014 ikapakwa fosfori, ikatoa mwanga mweupe, na bei ikashuka hadi kila duka la vifaa vya umeme likawa nazo. Kuanzia hapo mwenye bajeti ndogo hakuwa na haja tena ya zambarau.

Kuna kosa kubwa kuliko wati na kuliko sayansi, na hili ndilo lililonikosesha usingizi. Chini ya taa ile huoni mche. Jani zima la kijani linaonekana jeusi, na jani lililoanza kuwa njano linang'aa kwa uwekundu kama vile limepona. Ukungu wa kijani juu ya mboji, ule unaokuambia umemwagilia kupita kiasi, unaonekana kama udongo wenye rutuba. Shina lililobanwa na ugonjwa wa kinyausi pale linapotoka kwenye mboji linafanana na shina zima. Mwotesha miche ana vifaa vingi, lakini cha kwanza ni jicho, na vijana hawa walilipa fedha kulifunga.

Nilimwomba dada anayesimamia chumba atoe trei ya kona ya nyuma hadi mlangoni, kwenye mwanga wa mchana. Aliiweka chini, akanyamaza. Miche ilikuwa imelala kwa mstari, mashina yamekonda kama uzi mweusi. "Shikamoo mzee, lakini jana jioni niliiangalia, ilikuwa sawa," akaniambia, kana kwamba salamu ya pili ingemsaidia. Namwamini. Aliiangalia kweli, tena kwa makini, na taa haikumwonyesha. Tulihesabu pamoja: katika matundu 200 ilibaki miche 117. Kinyausi ukikiona siku ya kwanza unapunguza maji, unaondoa miche iliyoguswa, unaongeza hewa, na trei inapona. Ukikiona siku ya nne, unahesabu hasara.

Najua jibu la vijana, maana walinipa: mbona mabanda makubwa ya Uholanzi yanawaka zambarau usiku, tumeona picha? Yanawaka, ndiyo. Kule taa inaongezea jua linalopita kwenye kioo cha paa, na mfanyakazi akipita mchana anakagua kwa mwanga wa jua. Kule pia wananunua kwa kipimo cha fotoni kwa kila juli ya umeme, si kwa maandishi ya boksi. Mwaka 2014 Nelson na Bugbee wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah walizipima taa za wakati huo na kukuta LED bora zaidi na taa bora ya sodiamu zote zinatoa maikromoli 1.7 kwa juli, wakati LED ilikuwa ghali mara kadhaa zaidi. Tangu hapo LED zimepita mbali. Lakini fundisho la kupima kabla ya kununua halijazeeka. Hata wale wa Amerika Kaskazini wanaootesha bangi kabatini, zao ambalo hapa kwetu ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2015 na simshauri yeyote aliguse, wengi wao wamehamia kwenye taa nyeupe. Wanalipa bili kila mwezi, kwa hiyo wamejifunza kuhesabu.

Nasi tuhesabu. Globu au tyubu nyeupe ya kawaida yenye lumeni 100 kwa wati inatoa takriban maikromoli 1.4 kwa juli. Tyubu nne za LED za wati 18, urefu wa mita 1.2, zitatoa maikromoli 100 kwa sekunde juu ya meza ile ya nusu mita ya mraba kwa wati 72. Zikining'inizwa sentimita 20 juu ya majani, na ukuta wa pembeni ukipakwa chokaa nyeupe, nyingi zinatua kwenye trei, na kwa meza ya ukubwa huo zinatosha. Taa ya zambarau, kwa wati 110, inatoa kiasi kinachokaribiana na hicho, tena imekusanya mwanga katikati ya meza na kuziacha kona na mwanga hafifu. Kwa saa 16 kila siku, taa ya zambarau inakula uniti karibu 53 kwa mwezi, tyubu nne zinakula 35. Mwenye nyumba aliye kwenye kundi la uniti 75 za bei nafuu anajua uniti 18 ni nini. Jiko na friji yake haviondoki kwenye mita kwa sababu kikundi kimenunua taa.

Mwanga mweupe una faida nyingine: unaweza kuupima kwa simu. Programu ya kupima luksi ikisoma 10,000, gawanya kwa 70, unapata karibu maikromoli 140. Chini ya zambarau programu hiyo inakudanganya, kwa kuwa luksi imetengenezwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linapenda kijani.

Niliulizwa pia kama saa 16 ni nyingi. Hapa watu wanachanganya mambo mawili ambayo nimewahi kuyatenganisha kwenye safu hii: mwanga wa kulisha na mwanga wa saa. Nyanya na kabichi hazijali sana urefu wa usiku, zinataka chakula. Mimea mingine inasoma usiku kama kalenda. Na ugunduzi huo, watu wa Kaliua wajivunie, ulitokana na zao letu. Garner na Allard wa Idara ya Kilimo ya Marekani walikuwa na tumbaku iitwayo Maryland Mammoth, iliyorefuka kiangazi chote bila kutoa ua. Mwaka 1918 walianza kuiingiza kwenye kibanda chenye giza kila siku saa kumi jioni na kuitoa saa tatu asubuhi, na ile iliyonyimwa mchana mrefu ikatoa maua. Walichapisha mwaka 1920. Kwa jaribio hilo hawakuhitaji taa, walikuwa na mlango na macho yao. Leo Naivasha wanawasha taa usiku juu ya haiperikamu ili itoe maua, kwa mwanga hafifu usioweza kulisha hata mchicha, kwa sababu kazi yake ni kuiambia mimea kwamba mchana umerefuka. Ukijua taa yako inafanya kazi ipi kati ya hizo mbili, unaacha kununua nguvu usiyoihitaji.

Na huko nje, hatua kumi kutoka mlango ule, kuna jua ambalo saa sita mchana linafika maikromoli 2,000. Chumba kilijengwa ili kukwepa mvua za Novemba hadi Aprili, hilo nalielewa, mvua kubwa inalaza miche na kueneza magonjwa. Lakini bati mbili za plastiki angavu juu ya meza zingeingiza mwanga bila kulipia LUKU, hata siku za mawingu, na tyubu zikabaki kwa alfajiri na jioni.

Wazee wa vitalu vya tumbaku walionifundisha, huku Kaliua na upande wa Urambo, walikuwa wakichoma tuta kwa kuni kabla ya kusia, wanafunika kwa nyasi, kisha wanapunguza nyasi kidogo kidogo hadi mche uzoee jua kamili. Kila alfajiri walipita na kopo la maji wakitazama rangi ya majani kabla ya kumwagilia. Mmoja aliniambia nisimwagilie kabla sijaona. Siku zile nilidhani anachelewesha kazi.

Fedha ya meza ya pili bado haijatumika. Tyubu za wati 18 zinapatikana hapa hapa Kaliua, na fundi wa kuzifunga ni mmoja wa vijana wa kikundi chenyewe.