Karatasi Isiyoingia Maktaba

Tasnifu ya uzamivu ikikamilika hujalidiwa kwa jalada gumu, jina la mwandishi likachapwa mgongoni kwa herufi za dhahabu, na nakala ikapelekwa maktaba. Karatasi iliyoifanya ikamilike haiendi popote. Mara nyingi ni ukurasa mmoja uliokunjwa mara nne, una duara la kikombe cha chai pembeni na tarehe zilizokatwa na kuandikwa upya kwa kalamu za rangi tofauti. Hiyo ndiyo ratiba: kozi ipi isomwe muhula upi, pendekezo la utafiti litetewe lini, uwandani kuendwe mwezi gani, sura ya kwanza imfikie msimamizi kabla ya sikukuu ipi. Kuipanga karatasi hiyo hakumpandishi mtu cheo, na wanaoipanga vizuri ni wachache.

Mmoja wao ni mama mmoja, profesa wa elimu ya juu katika chuo kikuu kimoja hapa Tanzania, anayeratibu masomo ya uzamivu idarani kwake. Wanafunzi wake wanavisoma vyuo vyenyewe: vinapataje fedha, vinaongozwaje, nani anaingia na nani anaishia njiani. Wenzao wa idara nyingine huwatania kwamba wamekuja chuoni kusomea chuo.

Mwanafunzi mpya akishaingia na shikamoo yake, akaitikiwa na kuketishwa, huulizwa swali ambalo hakulitarajia: “Mwanangu, unataka kuvaa joho lini?” Aliyekuja amejiandaa kueleza mada yake hubabaika kidogo, kisha hujibu kwamba baada ya miaka mitatu, mahafali ya Novemba. Profesa huchukua karatasi tupu, huandika “mahafali” mstari wa chini kabisa, na kuanza kupanda juu.

Ili uvae joho Novemba, Seneti iwe imepitisha matokeo kabla yake. Ili Seneti ipitishe, masahihisho yawe yameshakaguliwa. Kabla ya masahihisho kuna utetezi, na kabla ya utetezi kuna taarifa za watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo. Hapo kalamu husimama. Kanuni humpa mtahini miezi michache, lakini mtahini wa nje naye ni mwalimu, ana wanafunzi wake na mitihani yake ya kusahihisha. Profesa huandika miezi mara mbili ya ile iliyomo kwenye kanuni, kisha huendelea kupanda: kukabidhi tasnifu, taarifa ya kusudio la kukabidhi, rasimu nzima, uchambuzi wa data, uwandani, vibali, pendekezo, kozi. Akifika juu ya ukurasa, mwanafunzi hugundua kwamba mwezi aliodhani angekuwa bado anachagua mada ndio mwezi anaotakiwa kuwa na mwongozo wa mahojiano mkononi. Sura yake hubadilika. Profesa humwacha akodolee karatasi kwa muda, ndipo amwambie aongeze mwaka.

Nimeona ratiba nyingi zinazoanzia juu kwenda chini, na karibu kila pendekezo la utafiti lina moja kwenye viambatisho: chati ya Gantt yenye mistari ya rangi, miezi sita uwandani, miezi mitatu uchambuzi, miezi mitatu uandishi. Ni nadhifu na haisomwi na mtu, hata aliyeichora. Imechorwa ili kamati iridhike.

Ufundi huonekana zaidi pale uwanja wa utafiti unapokuwa chuo kingine. Chukua mwanafunzi anayetaka kujua kwa nini baadhi ya wanufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, huahirisha masomo ingawa wamepata mkopo. Atawahoji lini? Vyuo hufunguliwa Oktoba au Novemba, na wiki hizo za mwanzo watu wako kwenye usajili, wanatafuta vyumba, wanasubiri kusaini bumu, yaani fedha za mkopo. Ukimhoji mtu huku bumu halijaingia, hasira za siku hiyo zitafunika kumbukumbu za mwaka mzima. Ukija mwisho wa muhula unakutana na mitihani, na hakuna anayetaka kinasa sauti mbele yake. Julai hadi Septemba mabweni yako karibu tupu, na wanaosomea ualimu wako mazoezini mashuleni. Chuo kikiwa Zanzibar, hesabu mwezi wa Ramadhani, tena ukumbuke kwamba huo husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ukitoa vyote hivyo, katika miezi kumi na miwili zinabaki nafasi mbili fupi za kufanya kazi kwa utulivu. Profesa huzizungushia kalamu nyekundu, kisha huzipanga kozi zote ziishe mapema ili hata nafasi moja kati ya hizo isipotee.

Vibali navyo vina ngazi zake, na yeye huziandika moja moja. Barua itoke kwa Makamu Mkuu wa Chuo chako, iende kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani. Chuo unachokwenda nacho kinataka barua yake. Zanzibar ina utaratibu wake wa kibali. Anayetaka kulinganisha na Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi ya huko, kabla hajagusa dodoso. Hakuna ngazi iliyo ngumu, ila kila moja ina meza, na kila meza ina mtu ambaye leo hayupo.

Kwenye kozi ndipo ninapomvulia kofia. Wengi hupanga kozi kama wanavyopanga masomo ya shahada ya kwanza: za lazima kwanza, za hiari baadaye, takwimu muhula wa kwanza ili mtu aondokane nazo. Yeye takwimu huzisogeza mbele, karibu na jaribio la zana za utafiti. Sababu yake haina falsafa: mtu akijifunza kuchambua data wakati hana data, husahau, na baada ya mwaka mmoja anatafuta wa kumlipa amchambulie. Mbinu za mahojiano huzitanguliza, kwa kuwa kuuliza swali bila kumwekea mtu jibu mdomoni ni tabia inayochukua muda kujengeka. Kazi ya muhula katika kozi hiyo ni mwongozo wa mahojiano uliokwisha kujaribiwa kwa watu halisi, pamoja na maelezo ya maswali gani yaliwachanganya.

Kozi ya fedha za elimu ya juu hudai insha. Mwanafunzi wa mikopo huandika historia ya sera ya kuchangia gharama, iliyoanza kutekelezwa nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Insha hiyo, ikipunguzwa na kunyooshwa, ni sehemu ya sura ya kwanza. Semina ya nadharia humsomesha Vincent Tinto, Mmarekani ambaye mwaka 1975 alieleza kwamba mwanafunzi hubaki chuoni au huondoka kutegemea anavyojumuika katika masomo na katika maisha ya kijamii ya chuo. Swali la insha ni hili: nadharia iliyotokana na vyuo vya Marekani inamwelezaje kijana anayelala Mbagala, anayepanda daladala mbili kufika darasani na kuondoka mapema ili asikose gari la kurudi? Jibu likiandikwa vizuri, sura ya pili imepata uti wa mgongo. Mwanafunzi anapofunga kozi ya mwisho, mkobani mwake tayari kuna kurasa nyingi ambazo hatazitupa.

Kupanga kozi namna hii hakukuhitajika kwetu zamani. Uingereza, ambako Oxford ilianzisha shahada hii mwaka 1917 tu, mwanafunzi na msimamizi wake walikaa na kitabu hadi kiishe. Marekani, ambako Yale ilitoa uzamivu wa kwanza mwaka 1861, ndiko kozi na mitihani ilikokuja kuota mizizi. Chuo chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwa hiyo tulirithi ule utaratibu wa watu wawili na kitabu. Sasa mambo yanachanganyika. Huko Makerere, Taasisi ya Utafiti wa Jamii chini ya Mahmood Mamdani ilianzisha mwaka 2012 programu ya uzamivu inayoanza na miaka ya kozi, ikiwa na hoja kwamba watafiti walelewe hapa hapa kwa kusoma na kubishana pamoja.

Mimi naiunga mkono njia ya kozi, ila sidhani kozi zenyewe ni dawa. Marekani kwenyewe, uchunguzi wa Baraza la Shule za Uzamili uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kwamba baada ya miaka kumi ni takriban asilimia 57 tu ya walioanza uzamivu ndio waliokuwa wamehitimu. Naona wengi hupotelea katika ule mwanya kati ya kozi ya mwisho na pendekezo. Wakati wa kozi kuna mtu anayekudai kazi kila wiki. Zikiisha, simu inanyamaza, na msimamizi anasubiri utume kitu. Mpango wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 kuwasaidia wahadhiri wa vyuo vya Afrika wanaosomea uzamivu katika afya ya jamii, uliuona mwanya huo. Ukaweka semina nne za pamoja, kila moja katika hatua yake ya safari, ili mtu asikae peke yake muda mrefu mno. Profesa wetu hana fedha za semina kama hizo. Anachofanya ni kubandika jina la mwanafunzi kwenye ubao wa matangazo, na tarehe ya semina ya idara, kabla hajafanya mtihani wake wa mwisho wa kozi. Jina likishaonwa na wote, kuahirisha kunahitaji kujieleza mbele ya watu.

Halafu kuna miezi mitupu. Katika kila mwaka wa ratiba yake kuna mwezi usioandikwa kitu, na mgeni anaweza kudhani amesahau. Fundi cherehani mzuri huacha upindo ndani ya gauni, kwa kuwa anajua mwili utabadilika. Mwezi ule nao una kazi hiyo. Wanafunzi wake wengi ni wahadhiri wasaidizi wenye mamia ya karatasi za kusahihisha, wana watoto, wana misiba ya kusafiria hadi Kigoma. Kuna mwaka wa uchaguzi mkuu, ambapo ofisi za serikali hazina nafasi ya kukusikiliza. Upindo ukitumika, ratiba haipasuki. Usipotumika, sura moja inawahi.

Yeye mwenyewe hukasirika ukimwambia ana kipaji. Atakutolea faili lenye ratiba za wanafunzi waliotangulia, kila moja na masahihisho yake, na kukuonyesha alipokadiria na ilivyokuwa.

Kwa hiyo, wewe unayejaza fomu ya kuomba uzamivu mwaka huu, kabla hujalipa ada nenda idarani ukaombe kuona ratiba ya mtu aliyekwisha kuhitimu, ile yenye tarehe zilizokatwa. Uliza taarifa za watahini huchukua muda gani kurudi. Uliza nani atakudai kazi kozi zikiisha. Wasipokuwa na cha kukuonyesha, tafuta idara nyingine.