Nafasi ya Mtu wa Nyuma

Pikipiki ndogo za injini ya sentimita za ujazo 125 au 150, ambazo zimejaa katika barabara za Kenya tangu nchi hiyo ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya sentimita za ujazo 250 mwaka 2008, hutengenezwa kwa hesabu ya watu wawili wanaotoka asubuhi na kurudi nyumbani jioni hiyohiyo. Hesabu hiyo huvurugika pale watu hao wanapokusudia kulala porini siku mbili tatu, kwa maana kila mmoja wao huhitaji matandiko, chakula na maji, ilhali chombo chenyewe kimekwisha kujaa tangu walipokipanda. Ufundi wa keria, yaani fremu ya chuma inayofungwa nyuma na ubavuni mwa pikipiki ili kubebea mizigo, umezaliwa katika upungufu huo, na ingawa wengi huuona kuwa kazi ya kuunganisha vyuma tu, ubora wake haupimwi kwa wingi wa mzigo unaobebwa bali kwa namna abiria anavyobaki na mahali pake.

Elimu inayoongoza kazi hii ilikuwapo kabla ya injini. Punda wa Lamu na wa miji mingine ya mwambao alivikwa shogi, mfuko mpana wa ukili ulioshonwa ukawa na pande mbili zinazoning'inia kushoto na kulia, na mpakiaji alijua kwamba haifai kuujaza upande mmoja hadi mdomoni huku mwingine ukiwa mtupu. Wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji katika karne ya 19 walibeba kiasi cha frasila mbili kila mmoja, na frasila moja ilikaribia kilo 16, kiwango kilichopatikana kwa mabega ya watu na si kwa karatasi ya mhandisi. Baadaye ikaja baiskeli na keria yake, na bodaboda za kwanza, zilizovusha watu mpakani mwa Kenya na Uganda huko Busia, zilikuwa baiskeli ambazo abiria wake aliketi juu ya keria iliyowekewa mto, maana yake aliketi mahali pa mzigo. Tangu wakati huo mtu wa nyuma na mzigo wamekuwa wakigombea sehemu ileile, na kila keria nzuri iliyowahi kutengenezwa ni hukumu iliyotolewa katika ugomvi huo.

Fundi anayestahili jina hilo, awe katika vibanda vya Gikomba na Kamukunji jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, haanzi na chuma. Huisimamisha pikipiki, akawaketisha dereva na abiria wakiwa na buti na makoti watakayovaa safarini, kisha akachuchumaa ubavuni na kutazama jinsi shokapu, zile springi zinazopokea mishtuko ya barabara, zinavyodidimia kwa uzito wao. Ndipo huchukua chaki akaweka alama tatu: mahali mgongo wa abiria unapoishia, mahali kisigino chake kinapofika mguu ukiwa juu ya kikanyagio, na mahali tairi linapokaribia madigadi watu wote wawili wakiwa wamepanda. Hakuna chuma kinachoruhusiwa kupita mbele ya alama ya kwanza. Alama ya pili ndiyo huamua fremu za pembeni zianzie wapi, kwa sababu kisigino kinachogonga mzigo kila pikipiki inapoingia shimoni humlazimisha mtu kuukunja mguu kwa saa nzima, na abiria aliyechoka huanza kujigeuzageuza, na abiria anayejigeuzageuza humsumbua dereva kuliko mzigo wowote.

Kupinda paipu ndiko kunakoonyesha tofauti kati ya fundi na mtu mwenye mashine ya kuchomelea. Paipu tupu ikipindwa hivihivi hubonyea upande wa ndani, na hapo palipobonyea ndipo itakapokatikia siku moja mbali na watu. Kwa hiyo fundi huijaza mchanga uliochekechwa, akaigongagonga mchanga ushuke usiache uwazi, akaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, ndipo akaipasha moto na kuivuta taratibu mpaka ipate mviringo usio na mkunjo. Mchanga wenyewe sharti uwe mkavu kabisa, kwani maji yakipata moto ndani ya paipu iliyozibwa hugeuka mvuke na kuufyatua mti kwa nguvu ya kumjeruhi aliye mbele yake. Ndiyo sababu hukaangwa kwanza juu ya bati, kazi ambayo kwa kawaida huachiwa mwanagenzi, na ambayo mpita njia asiyejua huiona ya kipuuzi: kijana mzima amechutama juani akikoroga mchanga motoni, hapiki kitu. Hata hivyo mikono ya mwanagenzi huyo hujifunza hapo jambo ambalo ni vigumu kulieleza kwa maneno, nalo ni kuutambua ukavu kwa mlio wa mchanga unavyoteleza juu ya bati, muda mrefu kabla ya kukabidhiwa paipu ya mteja.

Vipande vikiisha kupindwa hushikizwa kwa nukta chache za moto, keria ikajaribiwa juu ya pikipiki, na abiria akaketishwa tena. Akiridhika ndipo fundi huitoa na kuichomelea kikamilifu ikiwa pembeni, kwa kuwa umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza vifaa vya pikipiki na joto lake hudhoofisha fremu kuu, kisha huifunga kwa bolti katika matundu yaliyokuwapo tangu kiwandani. Fremu za kushoto na kulia huunganishwa nyuma ya kibao cha namba kwa chuma kimoja cha kukingama, ambacho kwa macho hakina kazi, lakini bila hicho pande mbili huchezacheza kila moja kwa mwendo wake na nyufa huanza kando ya maungio. Kati ya chuma na chuma huwekwa kipande cha tairi kuukuu, kinachomeza mtetemo wa injini ya silinda moja.

Matokeo ya kazi hiyo hudhihirika njiani. Hifadhi nyingi za taifa haziruhusu pikipiki, hivyo wasafiri wawili wa Nairobi wenye hema huelekea kwingineko, kwa mfano barabara ya Magadi, inayoshuka kutoka Kiserian hadi Olorgesailie, eneo la mashoka ya mawe ya kale lililo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya na lenye mahali pa kupiga kambi. Huko joto ni kali, na maji, ambayo lita yake moja ina uzito wa kilo moja, ndiyo mzigo mzito kuliko yote. Madumu mawili ya lita kumi hufungwa chini kabisa, moja kila upande, karibu na miguu ya abiria, maana uzito ukipita nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele hupungukiwa na mshiko na usukani huwa mwepesi kwa namna ya hatari. Sufuria, jiko na spana hufuata, nazo huelekezwa zaidi upande usio na ekzosi, ambako fremu imekaa karibu na mwili wa pikipiki. Hema hulazwa kwa kukingama nyuma ya mgongo wa abiria, na mifuko ya kulalia, ambayo ni mikubwa lakini myepesi, hukaa juu. Mzigo uliopangwa hivyo humwachia mtu wa nyuma kiti chake chote, tena humpa egemeo.

Kamba ya kufungia yote hayo ni mpira wa tyubu, yaani ukanda uliokatwa kwa kuzunguka kutoka tyubu kuukuu ya lori, upana wa vidole viwili, kwa wembe unaolowekwa maji ili usikwame. Hakuna kamba ya dukani yenye kulabu inayoushinda: hauchubui hema, hurefuka mzigo unaporushwa na kurudi mzigo unapotua, na ukikatika haumpigi mtu jichoni kwa chuma. Bahati mbaya matairi yasiyotumia tyubu yanazidi kuenea, na mipira mizuri inazidi kuadimika.

Kilichoipokonya keria mahali pake ni sanduku la plastiki la wasafirishaji wa vyakula na vifurushi, linalofungwa kwa bamba moja linalodaiwa kutoshea pikipiki zote. Kwa dereva anayezunguka mjini peke yake sanduku hilo halina ubaya, na huzuia mvua kuliko turubai. Kosa ni kulipachika kwenye kiti cha watu wawili bila kumuuliza wa pili ataketi wapi. Sokoni pia zimejaa keria za tayari, zilizoungwa kwa nukta na kupakwa rangi juu ya kutu, na wateja huzipenda kwa sababu hufungwa kwa muda wa kunywa chai, huku fundi anayetaka abiria aje mwenyewe kupimwa akionekana msumbufu. Vijana wenye subira ya kukaanga mchanga wamepungua, na hawawezi kulaumiwa wakati hakuna anayelipia mchanga.

Zamani keria iliishi kuliko pikipiki, ikahamishiwa pikipiki ya pili na ya tatu kwa kubadilishiwa vishikizo tu. Siku hizi huuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wanaoilipia kwa kilo, na mwenye pikipiki mpya akisema kwamba anataka kwenda Magadi na mwenzake kulala siku mbili, huambiwa dukani kwamba mizigo yote itaenea vizuri sana, mradi mwenzake apande matatu.