Kiungo cha Mkuki wa Mamba

Mkuki unaofuliwa Mamba, jirani na Marangu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, una sehemu tatu: ubapa wa chuma mbele, mti wa kushikia katikati, na mkia wa chuma nyuma. Mgeni huusifu ubapa kwa sababu ndio unaong'aa. Mimi napasifu pale chuma kinapokutana na mti. Mhunzi hulipasha moto shina la ubapa, mivukuto ya ngozi ya mbuzi ikipuliza makaa, kisha hulikunja taratibu hadi liwe tundu pana mdomoni na jembamba ndani. Ncha ya mti nayo huchongwa ifuate wembamba uleule. Vikilingana, kila pigo huzidi kuukaza mti ndani ya chuma. Visipolingana, mkuki hulegea mapema, na hapo hakuna skrubu ya kufichia kosa.

Ufundi huu una hesabu yake. Zamani chuma kilikuwa mali adimu Uchagani. Wahunzi walikitegemea cha Upare, ambako ukoo wa Washana wa Ugweno ulisifika kwa kukiyeyusha. Mti uliota kila mahali. Kwa hiyo mkuki uliundwa ili kilicho rahisi kivunjike kwanza na kilicho ghali kibaki. Mmasai wa tambarare aliyenunua silaha yake mlimani hakulazimika kununua ubapa mpya kwa sababu ya mti uliopasuka. Alitafuta mti mwingine tu.

Wazo hilohilo wanalo mafundi wa bunduki Ulaya. Kampuni ya Blaser ya Ujerumani ilitoa bunduki ya R8 mwaka 2008: skrubu mbili hufunguliwa kwa ufunguo mmoja, mtutu ukatoka, ukawekwa mwingine wa risasi kubwa zaidi. Darubini hufungwa juu ya mtutu wenyewe, hivyo shabaha hairekebishwi upya kila mara. Mwindaji anayekuja Tanzania kwa ndege hubeba kisanduku kifupi chenye mtutu wa kuwindia swala na wa kuwindia nyati. Ni kazi safi kabisa, ila mtutu wa ziada huweza kugharimu kama bunduki nzima ya kawaida, na kwa kawaida hupatikana kwa aliyeutengeneza. Anayewinda aina moja ya mnyama hana faida nao. Kiungo cha Mamba hakimfungi mtu namna hiyo: mchonga mti yeyote mwenye jicho zuri anaweza kukihudumia.

Wapo wasemao kiungo ni udhaifu, heri bomba la chuma lililochomelewa ubapa, tena bei yake ni ndogo. Bei, kweli, ni ndogo siku ya kununua. Lakini bomba likikatika kwenye maungio, dawa yake ni mashine na umeme, na mkono unaoubeba mkuki huo hupokea mtikiso wote wa pigo ambao mti ungeupunguza. Wengine husema mikuki sasa ni ya watalii. Na iwe hivyo. Mkuki unaofunguka vipande vitatu ndio unaoingia kwenye mzigo wa ndege, na fedha yake huendelea kuwasha makaa ya mhunzi.

Ukifika Mamba kununua mkuki, mwombe mhunzi aufungue na kuufunga mbele yako, utazame tundu lake kwa ndani, kisha umlipe anachostahili bila kumkaba bei.