Sheria ya Elimu: Nani Amefungwa, Nani Yuko Huru?

Makada wengi huisoma Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 kama ushahidi wa ushindi wa Azimio la Musoma. Sisi tunaofundisha siasa hapa Makoko, katika mji ule ule ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Novemba 1974, tunayo sababu kuliko wengine ya kuisoma kwa furaha. Lakini kada hasomi sheria ili afurahi. Huisoma ili ajue inamfunga nani, kwa jambo gani, na inamwacha nani huru.

Waliofungwa ni rahisi kuwaona. Kifungu cha 35 kinaagiza kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba aandikishwe shuleni, na mzazi au mlezi ahakikishe mtoto huyo anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza makali: anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Yote hayo tunayaunga mkono, tena bila kusitasita. Sasa, ndugu msomaji, tafuta katika Sheria hiyo hiyo kifungu kinachosema Serikali itatoa shilingi ngapi kwa kila mtoto iliyemlazimisha kwenda shule. Utakuta madaraka ya Waziri, madaraka ya Kamishna wa Elimu, wajibu wa serikali za mitaa. Kiwango hukioni. Mzazi anayempeleka mwanawe katika seminari ya Kanisa hapa Makoko huandikiwa ada yake kwa tarakimu; mtoto wa shule ya umma hana tarakimu yake katika sheria ya nchi.

Upungufu huu una historia. Azimio la Musoma lililivuta lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka mwaka 1989 hadi 1977. Ada ya shule za msingi ilikuwa imekwisha kufutwa mwaka 1973. Watoto wakaja kwa wingi, wananchi wakajenga madarasa kwa nguvu zao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na bei ya mafuta ikapanda tena. Fungu la shule halikuwa na sheria ya kulilinda. Lilisimama juu ya nia njema peke yake, na nia njema haizuii mkasi wa bajeti. Katikati ya miaka ya 1980 wazazi wakarudishiwa mzigo wa michango, na katika miaka ya 1990 uandikishaji ukaporomoka. Wapo wanaosema UPE ilishindwa kwa kuwa ilikuwa ndoto. Hatukubaliani nao. Agizo lilikuwa sahihi, ila lilitolewa bila kukatiwa fungu lake.

Kosa hilo hilo lilirudiwa kwa sura nyingine. Ada ilipofutwa tena mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulileta ruzuku ya dola 10 za Marekani kwa kila mwanafunzi, ambazo wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Hatua hiyo ilikuwa kubwa. Lakini kiwango kiliandikwa katika mpango, na mpango si sheria. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000, wakati dola moja ilikuwa imevuka shilingi 2,000. Katika hizo, shilingi 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zilikwenda shuleni. Hebu tupige hesabu: shule yenye watoto 1,000 ilipata shilingi milioni sita kwa mwaka, yaani laki tano kwa mwezi, kwa chaki, mitihani, michezo na ukarabati. Mwalimu mkuu akipungukiwa hawezi kwenda kwa wazazi, maana Januari 2018 michango ilipigwa marufuku; na hawezi kuidai Hazina, maana hakuna kifungu cha kuidai nacho.

Tutaambiwa kwamba nchi maskini haiwezi kuifunga Hazina yake kwa sheria. Hoja hiyo imekwisha kujibiwa na Bunge lenyewe. Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya 1982 ilirekebishwa, na kila halmashauri ikatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: nne, nne na mbili. Kama ushuru wa samaki wa mialo yetu unaweza kuwekewa asilimia kwa ajili ya vikundi vya mikopo, haieleweki kwa nini usiwekewe asilimia kwa ajili ya madawati.

Uratibu nao umeachwa hivi hivi. Mshahara wa mwalimu hutoka Hazina. Bosi wake wa kila siku ni mkurugenzi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Wathibiti ubora wanaomkagua ni wa Wizara ya Elimu. Nidhamu yake iko kwa Tume iliyoundwa kwa Sheria Na. 25 ya 2015. Paa la darasa likianguka, kila mmoja wa hao anaweza kuonyesha kidole kwa mwenzake, na kisheria hatakuwa amesema uongo. Urasimu hupenda sana mahali pa namna hii.

Jambo hili si la kungojea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, inaelekeza elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Maana yake kifungu cha 35 kitapanuliwa, na mzazi wa Makoko atafungwa kwa miaka mitatu zaidi ya ile saba. Kazi ya makada katika matawi na ya wanafunzi katika vikundi vya mafunzo ni kudai kwamba muswada utakaompanulia mzazi wajibu wake uwe na kifungu cha pili, chenye kiwango cha ruzuku kwa kila mtoto, utaratibu wa kukipandisha bei zinapopanda, na jina la ofisi moja itakayojibu fedha zisipofika.