Swali la Rumanyika

Novemba 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant walifika Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe. Speke alichapisha habari za safari hiyo mwaka 1863, na wengi hukipekua kitabu chake kwa ajili ya chanzo cha Nile tu. Mimi huurudia ukurasa wa wageni hao kufika kwa Mukama (mfalme) Rumanyika, kwa sababu ya namna ulivyojengwa.

Unaanza kama kurasa nyingi za wasafiri wa karne ile. Macho yanapewa mahali pa juu pa kusimama: ziwa chini, vilima vya nyasi pande zote. Wapagazi wanatua mizigo, bunduki zinapigwa kwa heshima ya mfalme, kisha mlango wa ikulu. Hapo msomaji anangoja mgeni asimulie alichokiona ndani, lakini mwenyeji anamwahi. Rumanyika anawapa mkono, kisha anawauliza kwa Kiswahili, tena Kiswahili ambacho Speke anakisifu, wanaionaje Karagwe. Kwake yeye, hakuna milima duniani inayoishinda milima yake. Na ziwa je, hawakulipenda?

Swali hili si la mtu anayeduwaa mbele ya wageni. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo Kafuro, si mbali na ikulu, na Musa Mzuri, tajiri wa Kazeh, alikwishajiingiza hata katika ugomvi wa kurithi kiti. Rumanyika alijua mgeni huja kutazama, akaamua kwamba utazamaji huo uanze kwa masharti yake.

Sasa tazama Speke anavyolipokea. Halijawekwa kama mazungumzo. Limesimuliwa kwa kauli ya taarifa, na ndani ya mkupuo huohuo mfalme anacheka na kuhamia kwenye vituko vya Suwarora, mtawala wa Usui aliyewasumbua wageni njiani. Swali la milima linapita hivihivi. Speke alijibu nini? Ukurasa haukutenga nafasi ya jibu, na kwangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika sura nzima.

Jibu linaingia kwa mlango wa nyuma. Grant analibatiza ziwa Windermere Dogo, kwa kuwa linamkumbusha ziwa la kaskazini-magharibi ya Uingereza. Alikusudia kusifu, sina shaka. Lakini sifa yenyewe inampa mgongo aliyeuliza na kumgeukia msomaji wa London, ambaye hakuuliza kitu.

Milima nayo ikajibiwa kwa tarakimu. Akiwa Karagwe, Speke aliona kwa mbali vilele vya volkeno vya upande wa Rwanda, akaviita Mfumbiro na kukadiria kimo cha futi 10,000, yaani kama mita 3,048. Kati ya vilele hivyo, Muhabura una mita 4,127, na Karisimbi 4,507. Shemeji mmoja wa mfalme, mwanamke mnene, hakukadiriwa kwa mbali: alipimwa kiungo kwa kiungo, vipimo vikaandikwa kitabuni, jina lake halikuandikwa. Ni nathari ileile, inayodhani kwamba kilichopimwa kimekwisha kueleweka. Madhara yake hayakuishia kitabuni. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 ulitaja Mfumbiro kwa jina, na kuagiza mpaka upindwe ikibidi ili mlima huo ubaki upande wa Waingereza.

Baada ya Speke, msafiri Henry Morton Stanley alifika kwa Rumanyika mwaka 1876, akaingizwa katika nyumba ya hazina. Sanamu za bata wa shaba na za ng'ombe wasio na vichwa, mikuki na zana za chuma: anaviorodhesha kama karani wa bohari. Vitu hivyo vilikuwa alama za enzi, lakini katika orodha kila kimoja kinasimama peke yake, na aliyevimiliki anabaki mtu wa kufungua mlango. Stanley ameona vingi kuliko Speke. Hata hivyo ukurasa wa Speke ndio ulio hai, kwa sababu ndani yake kuna sauti ambayo mwandishi hakuweza kuizima, ingawa aliipitia haraka.

Tangu mwaka 2019 wilaya za Karagwe na Kyerwa zina hifadhi za taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, na maelezo ya watalii yataendelea kuandikwa. Ningewaomba waandishi wake waache kutuambia tu kwamba mandhari ni ya kuvutia. Wamruhusu mwenyeji aseme kwanza. Nawe msomaji, ukienda Bweranyange, chukua kitabu cha Speke, cha Stanley kiache nyumbani. Mwenyeji akikuuliza unaionaje milima yao, mjibu kabla hujatoa simu kupiga picha.