Kimya Kinachosikika: Sehemu Isiyo na Maneno katika Filamu Du rififi chez les hommes

Wanafunzi wetu wanapochambua filamu, mara nyingi hushika maneno tu: nani alisema nini, na kwa sababu gani. Mwaka 1955 Jules Dassin, mwongozaji Mmarekani aliyehamia Ulaya baada ya kunyimwa kazi Hollywood kwa sababu za kisiasa, aliwategea mtego wachambuzi wa namna hiyo. Katika filamu yake Du rififi chez les hommes, wezi wanne wanaingia usiku katika duka la vito mjini Paris. Kwa muda wa nusu saa hivi hakuna neno linalosemwa wala muziki unaopigwa. Mwenye kuhesabu maneno atafunga daftari lake, na hapo ndipo filamu inaposema zaidi.

Mtunzi wa muziki, Georges Auric, alikuwa amekwisha kuandika muziki wa sehemu hiyo. Dassin alimwonyesha namna zote mbili, yenye muziki na isiyo nao, naye Auric akakubali kazi yake iondolewe. Alikubali kwa haki. Muziki humwambia mtazamaji lini aogope na lini atulie; ukiondolewa, hana budi kutega sikio mwenyewe.

Hata hivyo kimya hicho si utupu. Tunasikia patasi ikitoboa sakafu ya nyumba iliyo juu ya duka. Tunaona mwavuli ukipenyezwa katika tundu na kufunguliwa huko chini, ili vipande vya dari viangukie ndani yake. Kikinga mvua kimekuwa kikinga kelele! Na kwa kuwa tangu wakati wa matayarisho tumejua kwamba king'ora cha duka huamshwa na mtikisiko mdogo tu, kila mgongano unatutisha. Kisha mmoja wao anagusa piano kwa bahati mbaya. Noti moja inalia, wote wanaganda. Sauti ambayo mahali pengine ingekuwa burudani, hapa ni hatari.

Sisi wa isimu tunalo neno la kutusaidia. Katika jina gari hakuna kiambishi cha umoja kinachosikika. Lakini tukilinganisha na magari, tunatambua kwamba nafasi yake ipo, nasi twaiita kapa. Kimya nacho hupata maana pale tu ambapo sauti ilikuwa na nafasi yake. Ndiyo sababu wizi huo ungepoteza nguvu kama filamu nzima ingekuwa bubu.

Tuna lawama moja. Kabla ya wizi, Magali Noël anaimba katika kilabu wimbo wa kufafanua neno rififi. Wimbo unapendeza, lakini mwongozaji aliyeyaamini masikio yetu kwa nusu saa angeweza kutuachia neno moja tulifumbue wenyewe.

Tulipoonyesha filamu hii darasani mara ya kwanza, umeme ulikatika, tukatumia jenereta iliyonguruma chini ya dirisha. Wanafunzi walizungumza, wengine walicheka mwavuli ulipofunguka. Juma lililofuata umeme ulikuwapo, tukarudia sehemu ile ile. Mwanafunzi mmoja alikohoa, wenzake watatu wakamgeukia kwa hasira, naye akaziba mdomo mpaka wezi walipotoka nje.