Samoni wa Fraser na akiba ya pumzi

Mara nyingi spishi ya samaki hupewa namba moja ya joto la maji linaloifaa, nasi huichukua namba hiyo kama sheria. Samoni aina ya sockeye wa Mto Fraser, magharibi mwa Kanada, hawaitii. Ni spishi moja iliyogawanyika katika makundi zaidi ya 100, kila kundi likirudi kuzaa pale lilipozaliwa. Wa kijito cha Weaver hupanda mto takriban kilomita 100 tu. Wa Chilko hupanda mamia ya kilomita hadi ziwa lililo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, tena bila kula njiani.

Watafiti Erika Eliason, Anthony Farrell na wenzao, waliochapisha matokeo yao katika jarida la Science mwaka 2011, hawakutazama samaki anakimbilia maji gani.  Samoni alitiwa katika bomba la maji yaendayo kasi, akaogelea huku oksijeni anayotumia ikipimwa. Toa kiasi anachotumia akiwa ametulia kutoka kile cha juu kabisa anachofikia. Kinachobaki ndiyo akiba ya kupandia mto. Akiba hiyo huongezeka joto linapopanda, hufika kilele, kisha huporomoka. Kilele kilitofautiana kati ya makundi, kikilingana na joto ambalo kila kundi limezoea kukutana nalo safarini. Wenye safari ngumu walikuwa na akiba kubwa na mioyo mikubwa. Wa Chilko walihimili wigo mpana zaidi wa joto.

Mtu atasema hayo ni mazoea tu, si urithi. Hoja ina uzito: waliopimwa walikuwa samaki wa mtoni, hawakulelewa pamoja katika maji yaleyale. Lakini kwa msimamizi wa uvuvi jambo hilo halibadilishi kitu, maana samoni wa Weaver hataota moyo wa Chilko katikati ya safari, uwe wa kurithi au wa kuzoea. Kiangazi cha Fraser sasa kina joto la takriban nyuzi 2 zaidi ya miaka ya 1950, na tangu katikati ya miaka ya 1990 wa Weaver, waliozoea kungoja vuli, huingia mtoni mapema. Mwaka 2004, maji yalipokuwa ya moto, wengi wao walikufa kabla ya kutaga.